KENYA: PROTINI YA NG'OMBE NA MKONO UNAOKATA MAJANI

Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuzungumzia mishahara, mikataba ya hiari na migogoro ya kazi. Safari hii tunazungumzia ng'ombe, na hasa kile anachokula. Wapo watakaouliza: chakula cha ng'ombe na chama cha wafanyakazi, wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Wafanyakazi wengi katika mikoa ya Kilimanjaro, Arusha, Tanga na Mbeya wana ng'ombe mmoja au wawili nyumbani, na fedha ya maziwa ndiyo inayolipa ada ya shule mshahara unapokwisha kabla ya mwezi kwisha. Wapo pia ambao ajira yao hasa ni kulisha na kukamua ng'ombe wa watu wengine. Katika kazi hii wenzetu wa Kenya wametutangulia, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake, kwa hiyo inafaa tuwatazame kwa makini.

Kwa wingi wa ng'ombe, Tanzania inaishinda Kenya. Lakini kwa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa, Wakenya wametuacha mbali. Walianza kwa njia isiyo ya haki. Kampuni ya ushirika ya maziwa, KCC, iliundwa na walowezi mwaka 1925, na kwa miaka mingi kanuni za wakoloni ziliwazuia Waafrika wasifuge ng'ombe wa gredi. Vizuizi hivyo vilianza kulegezwa katikati ya miaka ya 1950, baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Baada ya uhuru ng'ombe wale walienea katika mashamba madogo madogo ya Kiambu, Murang'a, Nyeri, Meru, Embu na kwingineko. Mwaka 1979 serikali ikaanzisha maziwa ya bure mashuleni. Mwaka 1992 biashara ya maziwa ikafunguliwa kwa kila mtu, KCC ikadhoofika hata ikaanguka, na mwaka 2003 serikali ikaifufua kwa jina la New KCC. Katika misukosuko yote hiyo, mkulima mdogo ndiye aliyebaki akikamua. Hata leo sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hutoka kwa watu wenye eka mbili au tatu na ng'ombe wawili au watatu bandani.

Basi ng'ombe hao hula nini?

Ukipita katika vilima vya Kiambu au Murang'a utaona jibu kando ya kila njia: majani ya tembo, ambayo Wakenya huyaita nepia. Hupandwa kwenye kingo za matuta, kwenye mipaka ya mashamba na hata kwenye hifadhi ya barabara. Ng'ombe hatoki bandani, majani ndiyo yanayomfuata. Wataalamu husema ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji kiasi cha kilo 70 za majani hayo mabichi kwa siku. Tunamwomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya kilo 70, maana tutairudia.

NG'OMBE ANALISHA WENGINE KWANZA

Maziwa yana protini kiasi cha gramu 33 katika kila lita. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku anatoa gramu 330 za protini ndani ya ndoo, kila siku, na hazitoki hewani. Lazima ale nyingi zaidi ya hizo, kwa sababu si kila anachokula humeng'enywa, na kwa sababu mwili wake nao una haja zake. Hesabu inayotumiwa na wataalamu wa lishe ni hii: ng'ombe mwenye uzito wa kilo 450 anahitaji kiasi cha gramu 350 za protini kwa siku ili aishi tu, bila kutoa hata tone. Juu ya hizo, kila lita ya maziwa inadai kiasi cha gramu 90. Kwa hiyo lita 10 zinadai gramu 1,250 kwa siku.

Tuchukue sasa zile kilo 70 za majani ya tembo. Sehemu kubwa yake ni maji. Ukiyakausha kabisa utabaki na kilo 12 hivi. Kama majani yalikatwa yakiwa machanga, yana protini kiasi cha asilimia 8, yaani gramu 960. Ondoa gramu 350 za kuishi, zinabaki 610. Gawanya kwa 90, unapata lita 6 na kitu, karibu 7. Hiyo si haba, na mfugaji hajanunua kitu dukani.

Lakini kama majani yaliachwa hadi yakampita mtu kimo na shina likawa gumu kama muwa, protini hushuka hadi asilimia 5 au chini yake. Hapo ng'ombe hali tena kilo 12, atakula labda kilo 10 na kuacha vishina chini. Anapata gramu 500. Ondoa zile za kuishi, zinabaki 150, ambazo hazitoshi hata lita 2. Shamba ni lile lile na majani ni yale yale. Kilichobadilika ni siku ya kukata.

Kwa nini ng'ombe ale kidogo hali chakula kimejaa mbele yake? Hapa yafaa tueleze mambo yanavyokwenda tumboni, maana ni ya ajabu kidogo. Ng'ombe hana uwezo wa kumeng'enya nyuzi za majani yeye mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwa mabilioni katika tumbo lake kubwa la kwanza. Vijidudu hao huvunja nyuzi, hukua na kuzaana, kisha husukumwa kwenda mbele katika tumbo la nne na utumbo, na huko ng'ombe huwameng'enya wao wenyewe. Sehemu kubwa ya protini anayoipata ng'ombe ni miili ya vijidudu hao. Kwa maneno mengine, mfugaji hamlishi ng'ombe moja kwa moja. Huwalisha vijidudu, na ng'ombe huwala vijidudu.

Chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu wenyewe hushikwa na njaa. Majani hukaa tumboni siku nyingi bila kuvunjika, tumbo hubaki limejaa, na ng'ombe hana nafasi ya kula zaidi. Anakonda akiwa ameshiba. Mabua makavu ya mahindi yana protini asilimia 3 hadi 5 tu, ndiyo maana ng'ombe anayelishwa mabua matupu wakati wa kiangazi huonekana na tumbo kubwa na mbavu zilizotokeza.

Kuna upande wa pili ambao wauzaji wa vyakula hawapendi kuusema. Protini nyingi bila chakula cha nguvu nayo ni hasara. Vijidudu wanahitaji wanga ili waitumie. Wasipoupata, protini hugeuka kuwa amonia, huingia katika damu, ini huigeuza kuwa urea, na ng'ombe huikojoa. Mfugaji amenunua mashudu na kuyamwaga kwenye mfereji wa banda. Na maji vile vile: maziwa ni maji kwa asilimia 87, na ng'ombe wa lita 10 anaweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Pale ambapo maji huchotwa mtoni kwa ndoo, mara nyingi maji ndiyo yanayopungua kabla ya protini. Tumesoma makala nyingi za ufugaji zinazosahau kwamba kuna mtu anayeyabeba maji hayo, na mara nyingi mtu huyo ni mama.

MFUKO WA DUKANI

Wakulima wa Kenya hujaza pengo hilo kwa chakula cha dukani, mifuko ya kilo 70 au 50, yenye protini kiasi cha asilimia 14 hadi 18. Hutengenezwa kwa pumba za mahindi na ngano, mashudu ya alizeti na pamba, soya, chumvi na madini. Wengi hununua kupitia chama cha ushirika. Katika Kiambu, kwa mfano, vipo vyama vya ushirika vya maziwa vilivyoanza zamani, kama kile cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka 1961. Mwanachama hupeleka maziwa asubuhi na jioni, huchukua chakula kwa mkopo, na mwisho wa mwezi chama hukata deni kabla ya kumlipa.

Mfanyakazi yeyote anaifahamu karatasi ya namna hiyo. Juu kuna fedha nzuri, katikati kuna makato, chini kuna kilichobaki. Kwa wakulima wengi wa Kenya kato kubwa kuliko yote ni chakula cha ng'ombe, na katika miaka ya 2021 na 2022, bei ya mifuko ilipopanda mno, wapo waliobaki na kidogo sana baada ya kukamua mwezi mzima.

Utaratibu wa mkopo una faida, hatuupingi. Lakini una kasoro moja kubwa ambayo twaona haizungumzwi vya kutosha. Mkopo hufuata maziwa. Mwenye maziwa mengi anakopeshwa, asiye na maziwa hakopeshwi. Sasa, katika miezi miwili ya mwisho ya mimba ng'ombe huachishwa kukamuliwa. Hapo ndama anakua upesi tumboni, na ng'ombe anatakiwa aweke akiba mwilini na tumbo lake lianze kuzoea chakula kizito. Ni wakati wa kumwongezea. Lakini ndio wakati ambao mwenyewe hana maziwa, hana mkopo, hana mfuko. Ng'ombe anazaa akiwa amekonda.

Na baada ya kuzaa mambo huzidi kuwa magumu. Maziwa hupanda kwa haraka hadi kilele, kati ya wiki ya nne na ya nane, hali hamu ya kula huchelewa kupanda. Ng'ombe hukopa kutoka mwilini mwake: mafuta anayo, lakini akiba ya protini ni ndogo. Asipopata msaada wakati huo, kilele kinakuwa kifupi, na kilele kikishapita hakirudi hadi azae tena. Zaidi ya hayo, ng'ombe aliyekonda hachelewi tu kutoa maziwa, huchelewa pia kuingia joto. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Wengi huichukulia methali hiyo kuwa ni habari ya bahati mbaya, lakini ukitazama bandani utaona kwamba ni habari ya chakula. Ng'ombe anayelishwa vizuri anaweza kuzaa kila baada ya miezi 12 au 13. Katika mashamba madogo mara nyingi miezi huzidi 15, na kila mwezi unaozidi ni mwezi wa kulisha bila ndama na bila maziwa ya kutosha.

Desturi iliyoenea Kenya ni kumpa ng'ombe kilo 2 za chakula cha dukani kila siku, tangu anapozaa hadi anapokauka. Ni rahisi kukumbuka na rahisi kulipia. Watafiti wa huko walijaribu njia nyingine: chakula kile kile, kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha mwaka mzima, kitolewe kwa wingi mwanzoni, hadi kilo 8 kwa siku katika wiki 12 za kwanza, kisha ng'ombe aendelee kwa majani mazuri. Piga hesabu mwenyewe: kilo 2 kwa siku 300 ni kilo 600, na kilo 8 kwa siku 84 ni kilo 672. Gharama hazitofautiani sana, lakini maziwa yaliongezeka, kwa sababu chakula kilimfikia ng'ombe wakati anakihitaji. Tahadhari ni kwamba kiasi hicho hakipandishwi kwa siku moja. Huongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili au zaidi na kugawanywa mara tatu au nne kwa siku, la sivyo tumbo linachachuka na ng'ombe anaweza kufa.

Mfugaji hushindwa kuifuata njia hiyo, na si kwa ujinga kama wanavyodhani baadhi ya mabwana mifugo. Mkopo wa mwezi wa kwanza haufiki kilo 240. Chama cha ushirika kikitaka wanachama wake wapate maziwa zaidi, kianze na kanuni zake cha mikopo chenyewe: kimkopeshe mwenye ng'ombe mkavu, na kikate deni polepole ndama akishazaliwa.

Neno moja juu ya namba iliyoandikwa kwenye mfuko. Maabara haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Kwa hiyo kitu chochote chenye naitrojeni, hata kama si chakula, kinaweza kuipandisha namba. Huko Uchina mwaka 2008 wafanyabiashara walitia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, katika maziwa yaliyoongezwa maji ili yaonekane yana protini. Watoto 6 walifariki na karibu 300,000 waliugua. Hatusemi kwamba mifuko ya Kenya ina kitu kama hicho. Tunasema tu kwamba namba pekee haitoshi, na kwamba malalamiko ya wakulima juu ya mifuko dhaifu ni ya siku nyingi. Ama mbolea ya urea ambayo wengine huchanganya katika chakula, kweli vijidudu wa tumboni wanaweza kuitumia kidogo. Lakini bonge moja lililoyeyuka katika maji linaua ng'ombe mzima, na ndama hawaiwezi kabisa. Kwa mtu wa nyumbani asiye na mizani nzuri, ushauri wetu ni kuiacha ibaki shambani.

VICHAKA NA MARANDO

Wakenya hawakukaa kuisubiri mifuko. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 mti uliosifiwa sana ulikuwa lukina, ambao majani yake yana protini nyingi. Mwaka 1992 kikaingia Afrika Mashariki kijidudu kidogo kinachofyonza machipukizi yake, na mashamba mengi yakabaki vijiti. Wilaya ya Embu ndipo ulipopata nafasi mti mwingine kutoka Amerika ya Kati, kaliandra. Watafiti wa serikali ya Kenya wa kilimo na misitu, pamoja na shirika la kilimo cha misitu lenye makao yake Nairobi, waliujaribu katika mashamba ya wakulima wenyewe, jambo ambalo tunalisifu, kwa maana mashamba ya majaribio siku zote hustawi kuliko ya watu.

Waliyoyaona ni haya. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Ng'ombe mmoja akipewa kilo 6 kwa siku mwaka mzima, panahitajika vichaka 500 hivi. Mia tano zinatisha kuzisikia, lakini si shamba zima. Hupandwa kwa msongamano kama ua, kwenye mpaka wa shamba, juu ya tuta, au chini ya mistari ya majani ya tembo, na hukatwa kwa kimo cha mita moja hivi ili zisiyatie mazao kivuli. Ukataji huanza mwaka mmoja hivi baada ya kupanda.

Faida yake ni ndogo kuliko ile inayotangazwa majukwaani, na ni vizuri kusema hivyo. Majani ya kaliandra yana uchungu unaofunga sehemu ya protini isimeng'enywe. Kwa kilo 6 kwa siku, juu ya malisho ya kawaida, nyongeza ilikuwa kiasi cha lita moja na kitu. Kwa tajiri si kitu. Kwa mtu anayepeleka lita 7 kituoni, lita moja zaidi kila siku bila kato kwenye karatasi ni jambo la maana.

Upande wa magharibi, karibu na Ziwa, walipata dawa nyingine kwa njia ya mahindi. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha Mbita, tangu miaka ya 1990, wataalamu walifundisha kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo kuzunguka shamba. Desmodiamu huwafukuza vipepeo wa funza wa mabua na kukizuia kiduha, majani ya tembo nayo huwavuta vipepeo nje. Njia hiyo huitwa vuta-sukuma. Lakini desmodiamu ni jamii ya kunde, na mkulima aliyepanda kwa ajili ya mahindi anajikuta ana chakula cha ng'ombe chenye protini mara mbili ya majani ya tembo. Na kuna marando ya viazi vitamu, ambayo kwetu mara nyingi huachwa yakaoza shambani baada ya kuchimba. Yana protini karibu asilimia 15, na ng'ombe huyapenda mno.

ANAYEKATA NI NANI?

Turudi sasa kwenye zile kilo 70. Mwenye ng'ombe watatu anahitaji kilo 210 za majani kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nani anazikata? Kwa wengi ni mama wa nyumbani na watoto. Lakini Kenya wapo vijana wengi walioajiriwa na wenye ng'ombe wachache, mara nyingi wakitoka wilaya za mbali. Huamka alfajiri kukamua, huosha banda, hupeleka maziwa kituoni, hukata majani, huyabeba kwa mgongo, baiskeli au mkokoteni, huyakatakata, huchota maji, hukamua tena jioni. Na katikati hutumwa kulima bustani.

Mfanyakazi kama huyo, akipewa panga na saa mbili za kutafuta kilo 210, atakata majani gani? Atakata marefu yaliyo karibu. Majani marefu hujaza mzigo upesi. Majani machanga ya kimo cha kiuno yanadai eneo kubwa zaidi na muda mrefu zaidi kwa mzigo ule ule. Mwajiri akija jioni anaona hori limejaa na anaridhika. Akiona ndoo haijai anamshutumu mkamuaji kwamba anaiba maziwa, au anakwenda kununua mfuko. Tumekwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba kati ya majani machanga na yaliyokomaa kuna tofauti ya lita 4 au 5 kwa ng'ombe mmoja. Kwa ng'ombe watatu ni lita zaidi ya 12 kwa siku, ikiwa wote wako katika maziwa. Mwajiri apige hesabu ya lita hizo kwa mwezi, kisha ailinganishe na mshahara wa mtu wa pili.

Kenya ina amri ya mishahara ya chini katika kilimo, nayo inamtaja mchungaji na mtunza mifugo. Ina pia chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, kinachojulikana zaidi katika chai na maua. Lakini mkamuaji aliye peke yake nyuma ya nyumba ya mwajiri si rahisi kufikiwa. Hana mwenzake wa kuunda naye tawi, analala hapo hapo, na chakula anachopewa mara nyingi huhesabiwa kuwa ni sehemu ya mshahara. Kwetu hali si tofauti sana.

Jambo moja lisingojee mazungumzo: mashine ya kukatia majani. Zipo za mkono na zipo za injini, nyingi zimetengenezwa na mafundi wa mitaani, na mdomo wa kuingizia majani hauna kizuizi. Majani mateke yenye umande huteleza, mkono unayafuata, na vidole vinabaki ndani. Mfereji mrefu wa bati au mbao, wenye urefu unaozidi mkono wa mtu, unatosha kuzuia ajali hiyo, na fundi anaweza kuufunga kwa nusu siku. Kenya inayo Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya mwaka 2007, ambayo inamlazimu mwajiri kumwekea mfanyakazi bima. Kijana wa bandani aliyesikia habari hiyo ni nadra.

MASHUDU YETU

Mwisho, kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Protini iliyomo katika mifuko ya Kenya, sehemu yake inatoka hapa. Alizeti ya Singida, Dodoma na Manyara, na pamba ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza, zikishakamuliwa mafuta huacha mashudu, na zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu za alizeti hubaki huko. Malori huyapeleka mpakani Namanga na Sirari, yanasagwa katika viwanda vya Kenya, yanaliwa na ng'ombe wa Kenya, na maziwa ya paketi ya Kenya yamewahi kujaa katika maduka ya Arusha na Dar es Salaam hata nchi hizi mbili zikazozana juu yake. Hatusemi mpaka ufungwe. Mkulima wa alizeti anahitaji soko, na wapakiaji wa viwanda vya mafuta wanahitaji kazi. Lakini haipendezi mfugaji wa Marangu aambiwe mashudu hayapatikani hali lori limepita njia panda ya Himo.

Mashudu ni rahisi baada ya mavuno, kuanzia Juni, na ghali kuanzia Desemba. Watu kumi wakichangishana Julai wanaweza kununua shehena kwa bei ya kiwandani. Mchanganyiko usio na mashaka ni kilo 60 za pumba za mahindi, kilo 38 za mashudu ya alizeti, kilo 1 ya chumvi na kilo 1 ya madini ya mifugo. Hupata protini karibu asilimia 15, sawa na mifuko mingi ya Kenya. Mashudu ya pamba yana protini zaidi, lakini yana sumu ambayo ng'ombe mkubwa huivumilia na ndama haivumilii, kwa hiyo ndama asipewe.

Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Mashudu au pumba zenye ukungu zisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Sumu ya ukungu huo ni ile ile iliyoua watu zaidi ya 100 waliokula mahindi huko Makueni na Kitui mwaka 2004, na ng'ombe akiila, sehemu yake hutoka katika maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Wapo wanaotupa mahindi yaliyooza kwa ng'ombe wakidhani wameokoa kitu. Mahindi hayo yafukiwe.